Viatu vya Mbebaji

Mtopanga, 3 Juni 1945

Mwanangu Jefwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ni goti langu tu lanisumbua. Wewe je? Washiba huko?

Padre ametangaza kanisani vita vya Ulaya vimekwisha. Basi rudi, baba. Mahanga ya kumalizia matanga ya marehemu babako hayajafanywa, mwaka wa pili huu. Ami zako wasema wa kumwaga tembo la kwanza la mnazi kaburini ni wewe mkubwa, bila wewe hawaanzi.

Mchumba wako Kafedha akusalimu. Kila Jumamosi huvipaka mafuta vile viatu vyako vya kanisani, visikauke.

Mimi mamako, Sidi

Italia, 20 Agosti 1945

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi mzima, bado niko na lori za jeshi. Meli haijapatikana.

Tarehe kumi na tano ilikuwa sikukuu ya Mama Maria. Mji mzima ulitoka. Sanamu yake hubebwa juu ya miti mirefu mabegani mwa wanaume kumi na wawili, miguu mitupu, mpaka kilimani, bendi ikipiga. Madirishani watu wametandaza shuka zao nzuri, wamwaga maua. Mama, nami nilibeba! Mti wa mbele, kushoto. Bega limevimba. Nilimwombea baba.

Picha hii hapa.

Mwanao, Jefwa

Mtopanga, 14 Oktoba 1945

Mwanangu mpenzi,

Bega halijambo? Likande kwa maji ya chumvi. Goti langu limesahau kuuma, nimezunguka na picha yako Kisauni nzima! Jumwa, jirani, akasema, "Huyu? Hapa hata ndoo ya maji hakubeba!" Wivu tu.

Yule mwanamke kando yako, aliyekushikia viatu kifuani, mwambie ahsante sana. Huko kuna watu wema. Kafedha aliitazama picha, akanirudishia.

Mahanga tumeyaweka Desemba. Njoo.

Mamako

Mtopanga, 30 Desemba 1945

Jefwa,

Sisi wazima.

Fondo, mwenzako wa lori, amerudi. Nilimwonyesha picha kwa furaha. Akainamisha kichwa. "Mama, kwani hakukwambia?"

Akanieleza. Mti ule haupewi mgeni. Ni mahali pa nyumba moja; kijana wao alikufa vitani, wakampa mkwe. Na viatu vya mbebaji hushikwa na mkewe. Tena meli ilikuwapo. Uliomba mwenyewe kubaki.

Nami nikakutuma umshukuru!

Ungeniambia umeoa, ningelia, kisha ningenyamaza. Lakini umesimama mahali pa maiti ya watu, maiti yako umeiacha. Tulifanya mahanga Alhamisi. Tembo la kwanza alimwaga ami yako Ngumbao, nami macho yangu yako njiani mpaka watu wakaondoka.

Kafedha alikuja jana. Hakunilaumu. Alikaa mkekani akavipaka mafuta viatu vyako, kimoja, kisha cha pili, polepole kama siku zote. Akanikabidhi, akaaga.

Nimewajaribisha ndugu zako wote. Havimwingii mtu hapa.

Mamako