Siku Nilipovua Shati Chuoni

Mjukuu wangu Naserian,

Hapa Endulen tu wazima, mvua imenyesha na ndama wanashiba. Unauliza uchague chuo cha mifugo unachokipenda au cha ualimu, waendako rafiki zako.

Miaka ya sabini nilipochagua mifugo, vijana wa rika langu walinicheka: "Mmasai anakwenda kusomea ng'ombe!" Chuoni Kiingereza kilinishinda, nikawa nakaa nyuma kimya, hata asubuhi moja nikafunga sanduku nirudi nyumbani. Asubuhi hiyohiyo ng'ombe wa chuo akashindwa kuzaa.

Mwalimu akauliza, "Nani amewahi kuzalisha?"

Nikavua shati, nikaingiza mkono, nikageuza kichwa cha ndama taratibu mpaka akatoka mzima.

"Kumbe unajua! Mbona husemi?" mwalimu akashangaa.

Safari, Mwiraqw wa Karatu aliyekuwa akiongoza darasani, akanifuata. "Nifundishe ng'ombe, nami nikufundishe Kiingereza." Nikafungua sanduku. Tulifaulu wote wawili.

Chuoni utakuta wanaojua usichokijua. Waulize, nawe usifiche unachokijua.

Bibi yako anataka usome ualimu, uwe karibu. Wewe chagua mifugo. Bibi niachie mimi.

Babu yako,
Lemayan