Sindano za Kumrudishia Baba Mwili

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba. Sisi wazima, ila mjomba wako bado anabishana na fundi wa paa, na wote wawili wamenichosha. Nawe tangu uanze uuguzi huko Mbeya umeniuliza mara tatu kama zile sindano za homoni zilimsaidia baba yangu. Haya, sikia.

Ilikuwa wakati wa Ujamaa, tukiishi Goweko. Saratani ya mapafu ilimkondesha baba akabaki mifupa. Daktari alituambia wazi, "Hizi haziponyi pafu. Tunajaribu kumrudishia mwili kidogo."

Mimi nikashika neno "mwili" tu. Kila siku nilimsimamia na uji wa karanga, naye anafumba mdomo. Siku moja nikafoka, "Baba, dawa unapewa, chakula unapewa, unataka nini tena?"

Akajibu polepole, "Mwanangu, kula nataka. Mwili ndio unaokataa."

Nikaona haya. Nikaweka bakuli chini, tukazungumza mpaka adhana ya alasiri.

Sindano zilimpa nguvu ya kufika mlangoni, lakini nyama hazikurudi. Alifariki kabla ya mavuno. Miezi yote ile kabla hajaniambia, nilikuwa namkasirikia mtu aliyejitahidi kuliko sisi sote.

Ni mimi bibi yako,
Tatu