Gari Linalopasha

Geita, Alhamisi 5 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na vumbi la kiangazi halijakurudishia kile kifua. Huku mimi na mjukuu wako Blessing tu wazima wa mwili. Ametimiza miaka minne na anaimba kutwa.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Mkweo Ndaki huisoma simu yangu kila jioni, mwanzo mpaka mwisho, hata ujumbe wa kwaya. Mageni wa huko kwetu, anayeleta mchele sokoni huku kwa lori lake la Fuso kila Alhamisi, amekubali kuibeba hii ndani ya gunia tupu. Ukijibu, mpe yeye.

Miaka miwili sikukuandikia na unajua kwa nini. Nilikuja Samuye na jicho limevimba, ukaniambia ng'ombe wa mume wangu wamo zizini mwako. Kesho yake ukanipandisha basi na debe la karanga nimpelekee mkweo. Alizila zote na akasifu ukarimu wako.

Sasa nina gari, na wanawake sokoni wananionea wivu. Ni la umeme, jeupe, halingurumi. Ndaki alininunulia, na akifungua simu yake analiona lilipo. Umeme wa nyumbani hauliwezi, hivyo kila Alhamisi asubuhi nalipeleka Buseresere kwenye kituo cha kuchaji. Betri ikiwa baridi haipokei umeme haraka, kwa hiyo kabla ya kutoka lazima niliandikie kwenye kioo cha dashibodi kwamba tunakwenda kituoni, nalo linapasha njiani. Likifika limepashwa, dakika ishirini na tano limeshiba. Ndaki amenipangia hizo hizo: hamsini kwenda, ishirini na tano kuchaji, hamsini kurudi. Likianza kupasha, linampasha na yeye.

Mwezi wa tatu nilijaribu basi, hapa hapa stendi. Wakala wa tiketi alimpigia simu kabla sijakaa. Ndaki hununua dhahabu, na kila stendi ya hapa mjini ina mtu wake anayemuuzia.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Mwanao,
Paskazia


Samuye, Jumatano 11 Juni 2025

Mama Blessing,

Marahaba. Barua yako nimeipata, wabeja sana. Kifua kipo hivyo hivyo. Mtama tumevuna, si haba. Kaka yako Abel na mkewe wanakusalimu.

Nimeisoma mara tatu. Mimi nimeendesha malori ya pamba miaka ishirini na minane na kila asubuhi ya baridi tulipasha injini dakika kumi, la sivyo inakohoa mpaka njia panda. Kwa hiyo chombo kinachojipasha chenyewe ni chombo cha maana, na mwanaume aliyekinunua ana akili. Pengine anakuhesabia dakika kwa sababu barabara ile ina ajali.

Kuhusu ng'ombe, unajua wametumika kumuolea Abel. Kwa hiyo vumilia kidogo, mama. Mume hubadilika akizeeka.

Jambo moja sikulielewa. Unaposema gari linampasha na yeye, ni moto au ni habari?

Baba yako,
Bujiku


Geita, Alhamisi 19 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Usijali mwandiko, natumia mkono wa kushoto.

Ni habari. Gari linapasha betri moto, na papo hapo simu ya Ndaki inalia, inamwambia naelekea kituo gani na nitafika saa ngapi. Nikifika inamwambia nimeanza kuchaji na nitamaliza lini.

Alhamisi iliyopita, kabla sijapata barua yako, nilikipita kituo. Sikuwa na mpango wowote. Barabara ya Biharamulo ilikuwa wazi mbele yangu na Blessing alikuwa anaimba, nikaendelea tu. Hazikufika dakika tano, sauti ya Ndaki ikatoka kwenye dashibodi, tulivu kabisa. "Mama Blessing, umepita kituo. Geuza." Mtoto akauliza Baba amejificha wapi humu ndani. Nikageuza.

Mkono alinivunjia jioni, kwa mlango. Hospitali nimesema nimeteleza bafuni.

Umeniambia nivumilie. Ulishaniambia mara ya kwanza, sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Sitakuandikia tena.

Paskazia


Samuye, Jumamosi 28 Juni 2025

Paskazia mwanangu,

Nakusalimu, na safari hii usiniamkie. Sistahili.

Mageni aliponipa barua yako nilidhani mwandiko ni wa mtu mwingine. Nilikaa nayo nyuma ya zizi mpaka mbuzi wakaanza kulia njaa. Zile karanga nilikuchagulia mwenyewe, mwanangu, moja moja, ili mume wako asikute mbovu. Jambo hilo limekataa kunitoka kichwani.

Alhamisi hii nimekuona. Nilipanda Fuso la mchele la Mageni tangu jana yake nikashuka Buseresere, nikakaa kwenye banda la chai linalotazamana na kituo. Ulifika saa tatu kasoro, mkono umefungwa, unageuza usukani kwa mmoja. Blessing ana paji la uso la marehemu mama yako. Nilikuwa hatua ishirini na sikukuita, kwa kuwa nilijijua nikikuita ningelia, na watu wangetazama.

Nilibaki pale siku nzima na saa yangu ya mkononi. Kazi ya dereva ni kukijua chombo. Anayehudumia kituo anaitwa Ritha, binti mwenye adabu. Nilimwambia mimi ni dereva mstaafu ninayetaka kujifunza mambo mapya, naye akanieleza kila waya. Gari lako lilichukua dakika ishirini na nne. Saa nne likaja la mkandarasi mmoja, la aina hiyo hiyo, dereva wake hakuwa ameliandikia anakokwenda. Lilichukua saa nzima na dakika kumi na mbili. Ritha akacheka, akasema hawa husahau kupasha, na asubuhi za Julai ni mbaya zaidi.

Nimelala na maneno hayo, sasa sikia. Sote tumekuwa tukiiona baridi kuwa ndiyo adui. Usipashe. Chagua Alhamisi moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo lilaze gari nje kwenye umande, asubuhi toka mapema kuliko kawaida, endesha taratibu kama umebeba mayai, na usiliandikie chochote. Lichomeke kama siku zote. Simu itamwambia gari lipo kituoni na litakaa zaidi ya saa moja. Ni kweli litakuwepo. Atakupigia, atafoka, utaomba radhi, utasema umesahau. Kisha acha simu kwenye kiti, chukua mtoto, uvuke barabara.

Ng'ambo kutakuwa na Fuso la mchele. Dereva nitakuwa mimi. Mageni amekubali, amesema tu nisimuharibie gia. Hatutarudi Geita, tutakwenda kwa njia ya Runzewe mpaka Kahama, na jioni tutakuwa nyumbani.

Ng'ombe ni shauri langu. Nilikufunga kwa kamba yangu mwenyewe, na mimi ndiye wa kuifungua.

Kama hunitaki, sema. Nitamtuma Abel.

Baba yako


Geita, Alhamisi 3 Julai 2025

Baba,

Shikamoo.

Alhamisi ijayo. Njoo wewe.

Naogopa kwamba nikishika usukani mkono utaliandikia wenyewe, kwa mazoea. Nimempa Blessing kazi. Nimemwambia tunacheza mchezo, nikigusa kioo aseme hapana.

Mwanao,
Paskazia


Samuye, Ijumaa 11 Julai 2025

Ndaki,

Salamu. Natumaini umeamka salama. Huku kwetu sote ni wazima, na nyumba imeongezeka watu wawili.

Gari lako liko Buseresere. Limejaa, halina mchubuko. Ufunguo na simu anavyo Ritha wa kituoni, na ameandikishana na mwenyekiti wa mtaa ili asisumbuliwe.

Jana asubuhi ulipompigia mke wako, mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa gari nimeshika mlango wa mtoto. Nilisikia yote. Ulimtukana yeye, ukamtukana marehemu mama yake, kwa kosa la kusahau kupasha betri. Alikujibu, "Samahani, nimesahau." Sauti ile nimeijua tangu akiwa mdogo, ndivyo alivyokuwa akiniomba radhi mimi kwa makosa ambayo hakuyafanya. Miaka miwili iliyopita aliniletea jicho nikamjibu kwa habari za ng'ombe. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu msafi.

Alivuka barabara bila kugeuka nyuma. Mpaka Runzewe alikaa ameinama chini ya dirisha, na kila pikipiki iliyotupita alinishika goti. Usiku hakulala. Leo asubuhi amewasha jiko kupasha uji wa mtoto, akaganda na kiberiti mkononi, akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kuona. Ndiyo maana nakuandikia, nisije nikaacha upate habari kwa simu wala kwa wapambe wako.

Yuko hapa Samuye, nyumbani kwa baba yake. Habari ya ng'ombe tutaizungumza mbele ya wazee wa pande zote. Uje mchana, uje na watu wazima wawili, na usije kabla sijakuita. Nakala ya barua hii iko kwa mwenyekiti wa kijiji. Nyingine iko polisi Shinyanga, dawati la jinsia, pamoja na picha ya mkono, na leo mchana Paskazia amekwenda mwenyewe kueleza kwa kinywa chake jinsi "alivyoteleza" bafuni.

Ulizoea kupashwa na gari. Safari hii nimekupasha mimi.

Bujiku,
baba yake Paskazia