Maandishi ya Ukuta wa Mbele

Arua, Jumatatu

Kwa Dada yangu Jamilah,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Koboko, na kwamba mguu wa mwanao Sumayah umepona. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila kichwa changu ndicho nisichokielewa. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia.

Habari za nyumba yetu unazijua nusu. Alionzi, yule muuza mabati wa Manibe, alikuwa tayari kuinunua. Kisha asubuhi moja ukuta wa mbele ukakutwa na maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Unajua maneno hayo yakionekana, mnunuzi anarudi nyuma, maana wenye nyumba wanagombana. Wewe ukasema ni Ami Nasiri, kwa kuwa yeye peke yake alipinga nyumba ya marehemu kaka yake, baba yetu, kuuzwa. Mtaa mzima ukasema hivyo hivyo. Mimi nikawaacha waamini.

Ami ameitwa kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili, na mara zote amekana. Sasa anasema Ijumaa baada ya sala ataapa kwa Msahafu mbele ya watu, mzee wa miaka sabini na tano. Hapiti tena kwetu kunywa chai.

Jana Alionzi alikuja kutazama ukuta. Nilidhani atafoka. Alisimama mikono nyuma, akasoma herufi moja moja, akaniambia, "Hii mutu iko na mkono mzuri. Kama unajua yeye, leta aandike duka yangu." Dada, nilifurahi. Nilisimama pale nimefurahi kama mjinga, kisha aibu ikanishika.

Ni mimi niliyeandika.

Nilikuambia picha za maonyesho ya Kampala zinakwenda vizuri, ndiyo maana nikaomba tusiuze mpaka nizimalize pale sebuleni kwa Mama. Nilikudanganya. Tangu Mama afariki sijachora hata moja. Nilikaa na turubai tupu huku nikijua wewe unapanga chumba kimoja na watoto watatu, na kule Dranya mvua inakula kuta zako zisizo na paa, zikingoja fedha za mauzo. Siku ile nilitoka sala ya alfajiri, nikachukua rangi iliyobaki ya kibao cha duka nilichomwandikia mteja. Hata hasira sikuwa nayo. Nilipiga mstari kwa uzi kwanza, kama kazi ya kulipwa, na herufi nikazitia kivuli. Mwaka huu sijafanya kazi nyingine ninayoipenda.

Nataka uezeke nyumba yako. Nataka na hii ibaki. Yote mawili nayataka kweli, na nikijaribu kuchagua nachanganyikiwa zaidi.

Karatasi ya mauzo nimeitia saini, imo humu ndani ya bahasha. Ijumaa nitasema mwenyewe kabla Ami hajagusa Msahafu, na nitamwomba radhi mbele ya wote. Rangi nyeupe nimenunua. Mara tatu nimechovya brashi, mara tatu nimerudi ndani. Basi njoo Alhamisi, uje na nguo kuukuu, ufute wewe. Mimi nitakushikia kopo.

Wasalimie watoto, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Taban