Jiwe Chini ya Kitenge

Mujukuu wangu Neema,

Huku Bukavu tuko, Mungu anatulinda. Mama yako anakohoa kidogo tu, na kuku ya tantine, dada ya mama yako, imeangua.

Uliuliza kwa nini lile jiwe kubwa la kung'aa ulilotengeneza kwa vipande vya chupa na nyaya za radio nimelifunika kitenge pale salon tunapoketi na wageni. Usikasirike. Iko muzuri sana, ndiyo maana roho yangu haitulii.

Nikiwa kijana kule Mwenga, dada yangu alisugua kipande cha chupa ya kijani na muchanga wa muto mpaka kikang'aa, akakivaa shingoni. Wachimbaji wa dhahabu wakamuuliza alikitoa wapi.

"Iko chupa," akasema.

Wakacheka, wakajua anaficha mahali pa mawe ya mali. Kesho yake walikuwa wanachimba shamba ya mihogo ya mama. Tukahama, hayo mengine tuyaache.

Jana nilijaribu kulifunua jiwe lako. Jirani akasimama mulangoni, akaangalia sana.

"Koko, hii jiwe walichimba wapi?"

"Hawakuchimba. Mujukuu wangu aliokota vipande kwenye jalala."

Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Jalala gani?"

Nikarudisha kitenge. Lakini wewe tengeneza ingine, mutoto wangu. Vitenge ninavyo vingi.

Koko wako