Viazi vya Uwanja wa Klabu

Musoma, Juni 1973

Kwako Baba Bwire,

Sisi wazima. Bwire anakuulizia kila akiona meli ya Mwanza.

Kamati ya tawi la chama ilitaka kubomoa ile klabu ya zamani ya wazungu, pale walipokuwa wakicheza mchezo wao wa kuviringisha mipira kwenye majani. Hyasinta, yule karani, akasimama. "Hii ni historia yetu! Usiku wa Uhuru tulivua viatu tukacheza kwenye majani tuliyokuwaga tunakatazwa kukanyaga."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikamuuliza, "Ulicheza na nani?" Akatazama chini.

Usiku ule nilikuwa kijijini Kiriba, nakuzalia Bwire. Wewe uliniambia ulikuwa kwenye zamu ya ulinzi.

Basi nyumba imebaki. Walipotafuta wa kuitunza, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nafagia baraza, milango nimeipaka rangi, historia yao inang'aa. Ila ule uwanja wa majani nimeulima wote. Siasa ni kilimo, kamati ingesema nini? Viazi vimestawi ajabu. Ukija likizo nitakupikia. Hyasinta nimeshampelekea kikapu chake.

Mkeo,
Nyangeta