Damu ya Mama Ilivyoitambua Homa

Ibadan, Ijumaa

Kaka Ladipo mpenzi,

Mvua imeanza, na shangazi Adunola bado anagombana na jirani kwa ajili ya mbuzi. Sisi tu wazima, tena tuna furaha!

Ile protini ya virusi vya homa ya mafua, tuliyokuwa tukiiagiza ng'ambo ikifika imeharibiwa na joto, sasa tumeitengeneza wenyewe hapa maabara kwetu, ya kupimia kinga kwenye damu. Ilibaki kuijaribu kwa damu ya mtu aliyewahi kuugua homa hiyo. Mama akajitolea, ila aliingia maabara ameziba pua kwa kilemba.

"Kumbe mwanangu unapika ugonjwa!"

"Hapana, Mama. Hiki ni kipande tu cha ganda la kirusi. Hakimwambukizi hata inzi."

Tukaitia damu yake kwenye protini, tukaongeza dawa inayobadilika rangi damu ikiitambua homa, tukasubiri. Ilipogeuka manjano, nilipiga kelele kama mwehu.

"Maana yake nini?"

"Damu yako inaikumbuka homa ile, Mama. Ilipigana nayo, ikashinda."

Unajua tangu tumzike Baba, aliyeugua naye homa hiyohiyo wakati mmoja, amekuwa akijiona kama amemwibia mumewe uhai.

"Kumbe nilipigana," akasema taratibu. "Sikumwibia mtu."

Akafuta machozi, akakaza kitenge, akacheza katikati ya meza za maabara mpaka mkuu wetu naye akapiga makofi.

Mpigie Mama simu akusimulie mwenyewe. Atatia chumvi, mwache atie.

Mdogo wako akupendaye,
Morenikeji